Tupeane uzoefu: kuendesha gari mwenyewe hadi Marsabit, Chalbi na Ziwa Turkana

Mwana Bonde

Wadau, hamjambo. Mimi na ndugu zangu tunapanga kupanda kaskazini kwa gari letu, bila kampuni ya watalii. Tunataka kupita Isiolo na Marsabit, tukate jangwa la Chalbi hadi Kalacha na North Horr, tuteremke Loiyangalani tulione Ziwa Turkana, kisha turudi kwa njia nyingine ikiwa inapitika. Gari ni la 4x4, la dizeli, limeinuka vizuri. Ramani ninazo. Ninachotafuta ni maneno ya watu waliopita huko wakiwa wameshika usukani wenyewe. Mlipita wapi, msimu gani, nini kiliwafaa, na ni wapi mngekaa zaidi mkipewa nafasi tena? Mambo ya hoteli nitayatafuta kwingine, hapa naomba tuzungumze barabara.

Lori la Moyale

Karibu upande wetu, kijana. Mimi nabeba mizigo kati ya Nairobi na Moyale tangu enzi za vumbi, wakati magari yalikuwa yanangojeana ili yapande kwa msafara na askari. Siku hizi kutoka Isiolo hadi mpaka wa Ethiopia ni lami, zaidi ya kilomita 500. Nashukuru kila nikiipita. Lakini imenyooka mno na magari ni machache, na mguu unazidi kukanyaga mafuta bila wewe kujua.

Jambo langu kubwa ni ngamia. Mwili wake umebebwa na miguu mirefu, kwa hiyo ukimgonga kwa gari dogo bampa inakata miguu na kiwiliwili chote kinaangukia kwenye kioo, mbele ya kifua chako. Nimewahi kusaidia kutoa watu kwenye magari yaliyopatwa na hayo. Usiku rangi yake na ya udongo ni moja, na taa zikiwa chini zinamulika miguu tu. Kwa hiyo mpango wenu uanze na machweo: saa kumi na mbili jioni iwakute mmeshafika, si mnakaribia kufika.

Jazeni mafuta Isiolo hata kama tangi liko nusu, kisha Marsabit tena. Kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi, maana vizuizi vya polisi ni vingi na askari watakiomba. Ukishapita Archers Post, mkono wa kushoto utauona mlima Ololokwe, ubavu wake wa mwamba umesimama wima. Hapo simameni mnyooshe miguu. Mimi nimeuona maisha yangu yote ya kazi na bado napunguza mwendo.

Binti wa Mlimani

Asante mzee wetu kwa hilo la ngamia, lingewekwa kwenye bango pale Isiolo.

Mimi ni mzaliwa wa Marsabit, na ombi langu kwa Mwana Bonde ni moja: msiufanye mji wetu kituo cha mafuta. Wageni wengi hufika jioni, hulala, alfajiri wameshaondoka kuelekea jangwani, na wamepita kando ya kitu ambacho hawatakiona tena safari nzima. Ukitoka Laisamis kwenye joto na kuanza kupanda, hewa inabadilika ukiwa bado kwenye gari. Asubuhi mji umefunikwa na ukungu, watu wamevaa masweta, na miti ya msituni inadondosha maji ingawa mvua haijanyesha. Msitu huo juu ya volkano iliyozimika unaishi kwa ukungu, na pande zote chini yake ni nchi kavu.

Ndani ya hifadhi kuna Ziwa Paradise, limekaa kwenye shimo la volkano, sisi tunaita gof. Tembo hushuka kunywa hapo. Msitu huu ndiko alikoishi Ahmed, tembo wa pembe ndefu aliyepewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Alikufa 1974, na sanamu yake iko Makumbusho ya Taifa Nairobi. Wengi wameiona sanamu na hawajawahi kuuona msitu wake. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo lipeni mkiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri. Mkifika langoni waulizeni askari wa wanyamapori hali ya njia za ndani, maana udongo ukilowa unateleza vibaya sana. Na nje kidogo ya mji kuna Gof Redo. Acheni gari mbali na ukingo, mwende kwa miguu.

Sasa kuhusu Chalbi. Hakuna ramani itakayowaambia hali ya leo. Nendeni mahali malori na Land Cruiser za North Horr zinapopakia mizigo, mwatafute madereva walioingia jana. Msiulize "barabara ni nzuri?", kwa sababu kwa ukarimu wetu mtajibiwa ndiyo. Ulizeni: Chalbi imekauka au ina tope? Laga ipi, yaani mto wa msimu, ina maji? Ninyi wenyewe mlipita wapi, Maikona ama mlizunguka? Na usalama ukoje wiki hii? Mkipata majibu yanayofanana kwa watu wawili wasiojuana, endeni.

Nyayo za Chumvi

Mwana Bonde, sikiliza huyo dada. Sisi tulikaa Marsabit tukingoja, kwa sababu madereva walituambia mvua imenyesha upande wa Ethiopia na Chalbi haijatulia. Mbingu juu yetu ilikuwa safi kabisa na wenzangu walianza kunung'unika. Walipofika watu wa lori wakiwa na matope hadi kwenye milango, kila mtu akanyamaza.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Kiangazi inakauka, chumvi inabaki juu nyeupe, na unaweza kudhani ni uwanja wa ndege. Lakini lile ganda la juu linaweza kuwa kavu huku chini yake pana tope bichi. Tulichokuwa tunafanya ni hiki: tukifika mahali pasipo alama mpya za magurudumu, mmoja anashuka, anatembea mbele, anakanyaga kwa kisigino kwa nguvu. Kisigino kikitoa unga mkavu, twende. Ganda likivunjika na kuacha shimo jeusi lenye unyevu, tunarudi kwenye njia kuu hata kama ni ndefu na ina mashimo. Kila tulipoona njia zimegawanyika tulifuata zile za malori, na hatukukata kona hata siku moja.

Tulipunguza upepo wa magurudumu kwa ajili ya mchanga, na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya gari ikatusaidia kuurudisha kabla ya kuingia kwenye mawe. Maji tulipiga hesabu ya lita 10 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupika na akiba ya rejeta, kwenye mitungi kadhaa na si mmoja, ili mmoja ukipasuka msibaki bila.

Ondokeni alfajiri. Kufikia saa nne mazigazi yanaanza na macho hayana kazi tena: unaona maji, unaona miti inaelea juu ya maji. Mikoma ya Kalacha tuliiona ikiwa hewani muda mrefu kabla haijatua ardhini. Pale Kalacha kuna chemchemi, na Wagabra huleta ngamia kunywa kwa mamia. Kamera ibaki ndani ya mfuko hadi msalimiane na wenyewe na muombe ruhusa. Tulikaribishwa chai ya maziwa ya ngamia, na mchana ule wa kukaa chini ya mikoma bila kwenda popote ndio ninaoukumbuka zaidi ya kilomita zote. Nikipata nafasi tena, hapo nitalala zaidi ya mara moja.

Msimu: tulikwenda Agosti. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mimi nisingejaribu jangwa.

Fundi Jiwe

Mimi nilipitia Laisamis, Illaut, Sarima, hadi Loiyangalani. Kipande kikubwa cha njia hii, kilomita 200 hivi, kilitengenezwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Mitambo yenyewe ni 365, ya megawati 310, ilizinduliwa 2019. Unaiona ikizunguka kwenye nchi ya mawe matupu na unaelewa kwa nini iliwekwa hapo, kwa sababu upepo wenyewe hausemeki. Kutoka hapo kuteremka ziwani njia ni ngumu zaidi, mawe meusi ya volkano yenye makali.

Mawe hayo hayatoboi katikati ya tairi, yanachana ubavu, na ubavu ukichanika hakuna pancha ya kuziba. Bebeni spea mbili nzima. Bebeni pia kipande cha ubao mnene, mkono mmoja kwa upana, cha kuweka chini ya jeki. Kwenye mchanga jeki peke yake inazama huku gari limetulia palepale. Na zilegezeni nati zote za magurudumu kabla hamjaondoka nyumbani, mzikaze wenyewe kwa spana ileile mtakayobeba. Gereji nyingi hukaza kwa mashine, na nati iliyokazwa hivyo haifunguki kwa mikono ya watu waliochoka na jua.

Kuhusu upepo: ukisimamisha gari, pua lielekee upepo unakotoka, na mlango ufunguliwe na mtu mmoja kwa wakati, ameushika kwa mikono miwili. Nimeona mlango wa gari zuri ukipinduliwa hadi bawaba zikapinda, ukafungwa kwa kamba safari yote ya kurudi. Hema la kawaida la kambi halilali salama ufukweni usiku. Tafuteni mahali penye ukuta au mikoma.

Halafu unapinda kona moja ya mawe na ziwa liko chini yako. Sitaeleza rangi, kwa sababu ilibadilika nikiwa bado nimesimama pale.

Mama Wawili

Sisi tulikwenda na watoto na mama yangu mzazi, kwa hiyo naongeza machache ya familia. Tuligawa safari iwe ya saa chache asubuhi tu, mchana ni kivuli. Bibi alikaa kiti cha mbele, na hilo lilitosha kumaliza malalamiko ya mgongo. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floridi nyingi, si ya kunywa, na mamba wapo, hivyo watoto waliogea kwenye maji ya chemchemi za Loiyangalani. Pitieni makumbusho ya jangwa yaliyo juu ya kilima, na watembeleeni Wael Molo wakiwapo wenyeji wa kuwapeleka. Ni jamii ndogo sana, wavuvi wa tangu zamani. Kaeni muongee nao, msipite na simu dirishani.

Mzururaji

Kurudi, piteni South Horr, Baragoi, Maralal. Nasema hivi kwa moyo wote. Baada ya mawe na upepo unaingia bonde la South Horr, kijani, katikati ya mlima Nyiru na Ol Doinyo Mara, vijito vinavuka barabara, Wasamburu wanachunga chini ya migunga. Kisha uwanda wa El Barta, kisha unapanda hadi kwenye baridi ya Maralal, ambako ipo nyumba aliyowekwa Mzee Kenyatta mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa. Kurudi kwa njia uliyoendea ni kuacha nusu ya safari.

Lori la Moyale

Ndugu Mzururaji, uzuri wa njia hiyo sikupingi. Ila Baragoi na Maralal kumekuwa na wizi wa mifugo na mashambulizi ya silaha kwa miaka mingi. Februari 2023 serikali ilipopeleka jeshi kusaidia polisi kwenye kaunti za bonde, Samburu ilikuwamo. Wenyeji hupita kwa sababu wanajua siku na saa. Mgeni hajui.

Mzururaji

Mzee, nakubaliana nawe kuhusu mgeni anayejiendea tu. Mimi nilipita na magari mawili, tumeshalala South Horr, tumeuliza kituo cha polisi na kwa chifu, tukaambiwa tungoje hadi magari ya abiria yateremke kutoka Baragoi. Yalipofika salama ndipo tukaondoka. Yasingefika tungegeuza. Kinachotakiwa ni kuwa na mafuta ya kutosha kugeuza, na siku za ziada mkononi, ili usilazimike kupita kwa sababu kazini wanakusubiri Jumatatu.

Mwana Bonde

Nashukuru sana, nimeandika kila kitu. Tumebadilisha mpango: tunakwenda Agosti, Marsabit tunakaa siku mbili, Kalacha tunalala zaidi. Rafiki yetu mmoja anakuja na gari lake, kwa hiyo tutakuwa magari mawili. Kurudi tumeweka Laisamis kuwa njia yetu, na South Horr tutaifikia kulala tu, kisha tutasikiliza. Swali moja limebaki: mafuta baada ya Marsabit yanapatikana wapi?

Fundi Jiwe

North Horr na Loiyangalani hupatikana, lakini mara nyingi ni ya kwenye pipa, na kuna siku pipa ni tupu. Ondokeni Marsabit na mafuta ya kuwafikisha ziwani na kuwarudisha Laisamis bila kununua hata tone, tangi pamoja na mitungi. Mchanga hunywa mafuta kuliko lami, kwa hiyo ongezeni theluthi juu ya hesabu yenu ya kawaida. Mkilazimika kununua ya pipa, beba kitambaa safi cha pamba na faneli, mchuje polepole, na acheni yale ya mwisho chini ya pipa. Mitungi ya dizeli ifungwe juu ya paa au nyuma kabisa, si ndani walipo watu, na kila asubuhi mtu mmoja akague kamba kabla ya injini kuwashwa.