MS 070, MS 381 yenye fremu, au bendisoo: ipi ya kupasulia mkalitusi mlimani?

Mkulima_Kyenjojo
Wakubwa, salaam. Kuna mkalitusi wa kuvuna, aina ya grandis, kipenyo sentimita 35 hadi 45, magogo ya futi 14. Shamba liko kwenye mteremko, trekta haifiki, na barabara iko kama mita 300 chini. Zinatakiwa mbao za inchi 9x1 na 4x2 za paa. Naona njia tatu: kununua pawasoo (msumeno wa mnyororo) Stihl MS 070, kununua pawasoo ya MS 381 na kuifungia fremu ya kupasulia inayoongoza mkato, au kuita mwenye bendisoo (msumeno wa utepe) ya kuhama. Mngechagua ipi?

Pasua_Hoima
Anza na unga, yaani mti unaopotea kila mkato; mashine baadaye. Mnyororo wa pawasoo hula takriban milimita 9 kila unapopita, utepe wa bendisoo hula 3 hivi. Chukua gogo la sentimita 45, toa mabanzi, ubaki na boriti ya mraba wa sentimita 30. Bendisoo itakupa mbao 10 za inchi moja. Pawasoo yenye fremu, 9. Pawasoo ya mkono mtupu haiendi sawa, kwa hiyo unalazimika kupasua milimita 30 ili ukishapiga randa ubaki na 25, na hapo unapata 7. Kwa 4x2 pengo hupungua kwa sababu mikato ni michache.

Fundi_Ndeeba
Hesabu ya Pasua ni sawa, lakini bendisoo haipandi huko. Gogo bichi la futi 14 lenye kipenyo cha 40 hukaribia nusu tani. Nani atalishusha mita 300 bila trekta? Pasua palepale lilipoangukia, ushushe mbao begani.

Sasa 070 na 381. 070 ina injini ya takriban cc 106 (ujazo wa silinda) na uzito unapita kilo 10 kabla ya kufunga baa, ule upanga ambao mnyororo huzungukia. Ina nguvu, tena inazunguka polepole, ndiyo maana wapasuaji wa miti mikubwa wanaipenda. Ila haina breki ya mnyororo wala mipira ya kuzuia mtetemo. Baa ikirushwa nyuma hakuna cha kuisimamisha, na vidole hufa ganzi mapema. 381 ni cc 72.2, kilo 6.6, ina breki na ina mipira. Kwa sentimita 45 inatosha kabisa ikiwa na baa ya inchi 25. Usichukue ya inchi 20, kwa sababu fremu yenyewe hula karibu sentimita 10 za baa.

Mzee_wa_Mvule
Msiiseme vibaya 070. Gogo likipita sentimita 60, hiyo 381 inachoka. Kwa mkalitusi mwembamba wa huyu bwana, sawa, nakubali.

Fundi_Ndeeba
Hapo tuko pamoja, Mzee. Ila tahadhari nyingine: madukani 070 za kuiga ni nyingi. Angalia namba ya mashine kwenye mwili wa injini, na uombe kuona vipuri vya duka hilohilo kabla ya kulipa.

Tupa_Mkali
Mnabishana cc, mnyororo hamjautaja! Mnyororo unaotoka dukani umenolewa nyuzi 30, wa kukata gogo kwa kukingama. Ukipasulia mbao kwa huo, mashine inaruka na ubao unatoka na mawimbi. Unoe upya hadi nyuzi 10, meno ya kushoto na kulia yawe na urefu uleule. Mnyororo wa 3/8 (hatua ya viungo vyake, kwa inchi) wa Stihl hutumia tupa ya mviringo ya milimita 5.2, ule wa .404 wa 070 hutumia 5.5. Kile kinundu cha mbele ya jino kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 kwenye 3/8. Ukikishusha zaidi, mnyororo unang'ata na injini inazimika ndani ya gogo. Noa kila unapojaza tangi. Ukiona vumbi laini badala ya chembe, umeshachelewa.

Mkulima_Kyenjojo
Asanteni. Na oili? Kuna muuzaji ana 2T (oili ya kuchanganya na petroli) ya injini za boti kwa bei nafuu.

Fundi_Ndeeba
Iache. Ile yenye alama TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Pawasoo inapozwa na hewa, na kupasua mbao ni kuvuta gesi hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo. Tafuta chupa yenye JASO FD (alama ya ubora wa oili za 2T), FC ikikosekana. Kwa oili ya Stihl yenyewe ni 1:50, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Kwa oili nyingine kampuni inataka 1:25, mililita 200 kwa lita 5. Changanya kwenye jerikeni, tikisa, ndipo umimine. Petroli yenye harufu ya mafuta ya taa usiiguse: inagonga ndani na kutoboa pistoni. Mkato ukiisha, iache ingurume bila gesi dakika moja kabla ya kuzima, na ufungue chujio la hewa kila tangi.

Kabale_Juu
Kabureta pia. Fundi akikaza skrubu ya H (inayopima petroli ya kasi kubwa) huku Kabale, karibu mita 1,900, kisha mashine ikashushwa Ziwa Albert kwenye mita 620, hewa inakuwa nzito, petroli inapungua, pistoni inachubuka upande wa ekzosi. Ukishuka, fungua H kidogo kinyume cha saa. Bila mzigo kwenye gesi kamili isikike ikigugumia, ikiingia gogoni sauti isafike.

Pasua_Hoima
La mwisho kuhusu mti wenyewe, maana mkalitusi una hasira ndani. Ukishaangusha, pasua mapema na upake rangi nzito kwenye vichwa vya magogo, la sivyo vinapasuka nyota. Mkato wa kwanza uongoze kwa ubao wa 6x2 ulionyooka, uliopigiliwa juu ya gogo. Misumari isifike njia ya mnyororo. Kisha toa ubao upande huu, geuza, toa upande ule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, boriti inapinda kama upinde. Kiini cha katikati kitupe au kifanye kuni. Gonga kabari za mti au plastiki nyuma ya baa kila nusu mita, za chuma hapana. Mbao zipangwe kivulini juu ya fito za inchi moja kila sentimita 50, na mawe mazito juu. Kibali cha kusafirisha kiombwe kwa afisa misitu wa wilaya kabla lori halijaja.