UKOO WA MWEMBENI (bila siasa)

*Ijumaa*

08:12 Zuhura: Assalam alaikum wote. Shikamoo Bibi, shikamoo anko. Nakumbusha jumapili ni nihari kwangu na siyo mchana, ni ASUBUHI mkitoka swala ya alfajiri, nyama inaingia jikoni jumamosi saa tatu usiku inalala na moto mdogo mpaka kunakucha kwa hiyo anayepanga kuja saa sita atakuta naosha vyombo. Mchango elfu kumi kila kaya. Mpaka sasa katuma Shufaa peke yake

08:15 Shufaa: 🙏

11:40 Zuhura: Watu 23 wamesoma. 23

11:52 Hemedi: mi nimesoma kwa niaba ya mke wangu

11:53 Hemedi: hivi nihari si ndo supu ya muundi na chapati? pale stendi unapata bakuli na ndimu ya bure

11:58 Zuhura: Hemedi usinianze. Supu unachemsha na chumvi basi. Hii nakaanga muundi kwenye samli na tangawizi na saumu mpaka ushike rangi, ndo inafuata masala, shamari, uzile, giligilani, ile iliki kubwa nyeusi, basibasi, tangawizi kavu na pilipili ya Kashmir ambayo inatoa wekundu ila haiwashi kivile, nimeifuata Kisutu mwenyewe na jua lile. Jana nimesaga mpaka jirani kagonga kuuliza kuna shughuli gani

12:03 Mwajuma: da Zuu presha kuka saa moja tu imeiva, mnakesha ya nini

12:04 Zuhura: Presha kuka nyama italainika ndiyo ila mchuzi unabaki maji. Uboho na ile mishipa vinataka muda viyeyuke vyenyewe, ukichovya mkate midomo inanata. Ndo nihari hiyo

12:04 Hemedi: tunapika au tunalinda benki

12:05 Jabiri: 😂😂😂

12:09 Zuhura: Nauliza la maana. Nani anakesha na mimi kuangalia mkaa? Na nataka lile sufuria la marehemu mama, PAMOJA NA MFUNIKO WAKE, maana mfuniko unazungushiwa unga uliokandwa mvuke usitoke

14:30 Mwajuma: sufuria lipo kwangu. mfuniko sijawahi kuuona na naomba leo tusianze

14:31 Zuhura: Sijaanza mtu mimi. Nasema tu lilitoka hapa limefunikwa likaenda kwenye shughuli yako likarudi kichwa wazi

14:33 Mwajuma: ya 2016 hiyo Zuu. nilikuwa bibi harusi, bibi harusi anahesabu mifuniko??

14:34 Hemedi: kichwa wazi kama Jabiri 😂

14:34 Jabiri: mi naingiaje hapa jamani

14:36 Zuhura: Kila mwaka nauliza kila mwaka napewa jibu hilohilo

*Mwajuma ametoka kwenye kikundi*

14:41 Hemedi: eh

15:20 Anko Rajabu: Waalaikum salaam. Nimeona sasa hivi nilikuwa kwenye gari. Jina lenyewe nihari limetokana na kiarabu, nahar, yaani mchana kuanzia kunapokucha, kwa kuwa Waislamu wa Delhi na Lucknow walikuwa wanaila mapema wakitoka kuswali, kwa hiyo kuhusu saa Zuhura yuko sahihi. Hiyo elfu kumi ni kwa kaya au kwa kichwa

*Shufaa amemuongeza Mwajuma*

17:48 Bibi: 🎤 1:52

17:55 Shufaa: Kwa wasio na bando, Bibi anasema hivi: mfuniko nilimpa mimi mama Nasra siku anaondoka nyumba hii, alikuwa hana hata cha kufunikia uji wa mtoto. Mwajuma hana kosa. Miaka yote nawasikia nikanyamaza, hilo ni langu. Halafu anasema nyanya msitie, mama yenu alifundishwa na mama Yusuf wa Upanga na yule hakutia nyanya

20:31 Jabiri: Nimetuma elfu 30

20:50 Zuhura: Sawa Bibi. Nimekusikia

20:52 Zuhura: Mwajuma njoo na sufuria tu. Ntafunika na sinia niweke jiwe juu

*Jumamosi*

16:10 Shufaa: da Zuu unga wa kuzitisha unatia saa ngapi?

16:18 Zuhura: Mwishoni kabisa alfajiri. Ila kwanza yale mafuta mekundu yaliyoelea juu nayaengua na upawa naweka bakulini, ndo nakoroga unga wa ngano niliokwishaukaanga mkavu na maji natia kidogokidogo, ukizito ndo mafuta yanarudi juu. Ukitia unga na mafuta yapo unayanywa yote, mchuzi unakuwa rangi ya matope. Tangawizi ya kukata nyembamba, pilipili mbichi na ndimu kila mtu atajiwekea mezani

16:19 Zuhura: Mkate nani analeta? Nimesema naan siyo slesi

18:05 Zuhura: Anko ni kwa kaya

19:40 Zuhura: Wa kukesha bado hajajitokeza nawaona tu

20:37 Zuhura: Mwajuma uko njiani? Mkaa nishawasha

20:58 Zuhura: Mwajuma

21:06 Jabiri: nampitia mimi, nikishafika hapo nakesha

21:07 Hemedi: dada mi ntakuja saa sita, nibakizie mfupa