Ndoo ya Eli imeiva?

*Kikundi: Familia ya Bibi, Marangu*

JUMANNE

Eli (Minneapolis): Shikamooni wote. Huku ni saa 3 usiku, huko najua kumekucha. Nina swali. Ile bia yangu ya shayiri, lita 19, leo ina siku 9 kwenye ndoo. Tangu juzi mapovu kwenye kile kimrija cha mfuniko yamekata kabisa. Jumamosi nataka kuijaza kwenye chupa ili Krismasi tuinywe na Watanzania wenzangu wa huku. Nifunge?

Shangazi Aikande: Marahaba mwanangu. Kwanza niambie, huko wanaruhusu? Nisije nikasikia umekamatwa kama watu wa gongo.

Eli: Wanaruhusu shangazi. Rais Carter alisaini sheria hiyo Oktoba 1978. Nyumba yenye watu wazima wawili inapika mpaka galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757 hivi, mradi usiuze.

Shangazi Aikande: Haya, moyo umetulia.

Bamdogo: Mapovu yakikata si ndiyo imeiva? Funga tu.

Dada Neema: Hapana Bamdogo, hapo ndipo watu wanapoumia. Eli, usifunge. Kimrija kunyamaza hakutoshi. Mfuniko ukivuja kidogo hewa inapita pembeni, hutaona povu hata moja na ndani chachu inapiga kazi. Au chachu yenyewe imelala kwa baridi. Ndoo umeiweka wapi?

Eli: Stoo ya chini ya nyumba. Theluji imeshaanza. Kipimajoto cha kule chini kinasoma 14.

Dada Neema: Na pakiti ya chachu inasemaje?

Eli: 18 mpaka 22.

Dada Neema: Basi umeshajijibu nusu. Haidromita inasoma ngapi?

Eli: Siku ya kwanza ilisoma 1.052. Baada ya hapo sijapima, naogopa kufungua fungua nikaingiza uchafu.

Dada Neema: Pima mdogo wangu. Chombo cha kuchotea kiwe kisafi kabisa na ufunike mara moja. Ukishaitia haidromita izungushe kwa vidole, mapovu yaliyoing'ang'ania yatoke, maana yanaibeba juu na utasoma namba ya uongo. Ulichochota usikirudishe ndani. Onja.

Bamdogo: Haidromita ndiyo nini?

Dada Neema: Bamdogo hiyo unaijua kuliko sisi sote. Laktomita yenu ya kituo cha maziwa.

Bamdogo: Kile kidude cha kioo? Kumbe! Mtu akitia maji kwenye maziwa kinazama. Maziwa mazuri yanasoma 28 mpaka 32 hivi.

Dada Neema: Ndicho hicho. 28 yako wewe kwa Eli ni 1.028. Sukari inafanya maji kuwa mazito, kidude kinaelea juu. Chachu ikiila sukari, na pombe yenyewe ni nyepesi kuliko maji, kinashuka. Siku kikikataa kushuka, imeisha. Lakini si kwa kupima mara moja. Pima leo, acha siku 3, pima tena. Namba iwe ile ile.

Bamdogo: Miaka yote nimeshika kile kidude na sikujua kinapima pombe. Eli, tuambie inasoma ngapi.

Eli: 1.020. Na bado ni tamu.

Dada Neema: Bia ya kawaida iliyoanzia 1.052 inatarajiwa kufika 1.012 au jirani ya hapo. Una pointi 8, yaani 1.020 kutoa 1.012, ambazo hazijaliwa, ni zaidi ya gramu 15 za sukari kwa kila lita. Ukijaza chupa unaongeza sukari kidogo ya kuleta povu, kiasi gani?

Eli: Maelekezo yanasema gramu 6 kwa lita.

Dada Neema: Sasa piga hesabu. Chupa imetengenezwa kubeba gesi ya hizo 6. Wewe ungeipa zaidi ya 20, kisha uilete sebuleni kwenye joto, chachu iamke. Na watoto wako wanacheza hapo. Kioo kikipasuka hakichagui.

Mama Eli: Eli mwanangu, naomba usifunge hiyo kitu. Nimesoma nikatetemeka.

Eli: Sifungi mama. Ndiyo maana nimeuliza kwanza.

Shangazi Aikande: Nimemsomea Bibi yote haya. Ameniambia niandike kama anavyosema, sijaongeza neno:

"Mjukuu wangu, sisi mbege hatuifungi. Ndizi mbivu zikishapikwa zikakaa siku zake zikachacha zikawa nyalu, tunachuja, tunachanganya na mso, uji wa ulezi, na kesho yake watu wananywa. Inanywewa ikiwa hai. Mimi naweka sikio kwenye pipa. Ikivuma kama mvua iliyo mbali, bado ina utamu wa watoto. Ikianza kunong'ona na ulezi uliopanda juu umeanza kutulia, imeiva, itisha watu. Ikinyamaza imeshakuwa kali, na kesho yake ni siki. Kwa hiyo kuhusu chupa msikilize Neema, maana mimi sijawahi kusubiri pombe inyamaze. Ila hili ninalijua: mwaka ule wa harusi ya baba yako mdogo tulipeleka mbege Dar kwa basi, nikakaza mfuniko wa dumu kwa mikono yangu ili isimwagike. Hatujafika Korogwe, dumu likapasuka. Lilikuwa la plastiki na bado mtu aliyekaa karibu alichanika mguu. Mpaka leo nikimkumbuka naumia. Chako ni kioo."

Bamdogo: Nalikumbuka hilo. Harusi yangu ilikuwa na mbege dumu moja tu.

Eli: Bibi shikamoo. Nimekusikia, na pole kwa hilo, sikuwahi kuambiwa. Nafanyaje sasa, Neema? Niongeze chachu?

Dada Neema: Kwanza ipandishe juu kwenye joto, 20 hivi. Kabla hujaiacha, izungushe ndoo taratibu kama unavyozungusha chai kwenye kikombe, chachu iliyolala chini inyanyuke. Usiitikise ikarusha maji, hewa ikiingia saa hizi bia itaonja kama karatasi iliyolowa.

Na kuna kitu kingine napenda ufanye. Chota nusu lita, weka kwenye chupa kubwa ya jamu, tia chachu mpya kidogo, funika kwa karatasi ya foili bila kukaza, uweke juu ya friji penye joto. Tikisa kila ukipita. Baada ya siku 2 au 3 ile itakuwa imekula kila kinacholika, na namba yake ndiyo namba ambayo ndoo nzima itafikia. Utaacha kubahatisha.

Eli: Hiyo sijaisoma popote. Naifanya sasa hivi.

Shangazi Aikande: Bibi anauliza msesewe, yale magome machungu, umetia?

Eli: Huku hakuna Bibi. Tunatia maua makavu yanaitwa hopsi, uchungu wake unakaribiana.

IJUMAA

Eli: Habari njema! Tangu niipandishe juu mapovu yamerudi, kimrija kinaruka kila baada ya sekunde chache.

Bamdogo: Imeamka!

Dada Neema: Inawezekana. Ila usisherehekee kwa mapovu, kama ambavyo hukupaswa kukata tamaa kwa ajili yake. Bia ya baridi inashika gesi nyingi, ukiipasha moto gesi inatoka yenyewe kama soda iliyokaa juani. Kimrija kinaruka hata kama chachu imekufa. Namba inasemaje?

Eli: 1.016 kwenye ndoo. Ya juu ya friji imefika 1.012.

Dada Neema: Hapo sasa nafurahi nawe. Imeamka kweli, na tunajua inakokwenda. Subiri.

Eli: Jumamosi imekufa basi.

Mama Eli: Jumamosi zipo nyingi mwanangu.

JUMATATU

Eli: 1.012. Ndoo imeikuta ile ya juu ya friji. Lakini nikionja kuna harufu ya siagi, kama bisi za sinema. Imeharibika?

Dada Neema: Haijaharibika. Chachu inaacha kitu hicho ikiwa kazini, na ikimaliza sukari inakirudia na kukila. Ukiitenga bia na chachu mapema harufu inabaki moja kwa moja. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia chupa hata namba ikitimia. Iache papo hapo penye joto mpaka Alhamisi.

Shangazi Aikande: Bibi anasema hata mbege ikiwahishwa mdomo unajua.

ALHAMISI

Eli: 1.012 tena! Harufu ya siagi imeondoka. Kwa juu imeanza kung'aa, matope yameshuka chini. Kwa hesabu yangu ni pombe asilimia 5.25.

Dada Neema: (1.052 kutoa 1.012) mara 131.25. Uko sawa. Sasa jaza. Sukari yako ipime kwa mizani, usikadirie kwa kijiko, na uichanganye vizuri ndani ya bia yote, isije chupa moja ikapata ya wenzake. Chupa moja iwe ya plastiki, ya soda. Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, za kioo nazo ziko tayari, zipeleke kwenye baridi.

Bamdogo: Hii ya chupa ya plastiki nimeipenda. Mtu unashika kwa mkono, huhitaji kidude.

Mama Eli: Na hizo za kioo weka ndani ya boksi lenye mfuniko, mbali na watoto, si sebuleni. Nakuomba.

Eli: Ndivyo nitakavyofanya mama. Shangazi, kama leo kuna mbege hapo nyumbani, naomba unirekodie. Nataka kusikia anachosikia Bibi.

Shangazi Aikande: Ipo. Imechanganywa jana jioni. Ngoja niweke simu mdomoni mwa pipa.

🎤 *Ujumbe wa sauti, sekunde 41*

Eli: Nimewasha spika kubwa, watoto wameinama wanasikiliza. Kweli ni mvua ya mbali. Bado ina utamu, eti Bibi?

Shangazi Aikande: Anasema umepata. Jioni ndiyo watu waje.

Eli: Nimekwenda nikaweka sikio kwenye ndoo yangu. Kimya kabisa. Naleta chupa.