Mashine ya espreso: geji inapanda ila maji yanadondoka tone tone, pampu imekufa kweli?

MamaTulia_Buswelu
Habari zenu wadau. Nina mashine ya espreso ya nyumbani, ile yenye kichwa (sehemu inayotolea kahawa) cha aina ya E61 na kiwiko cha kunyanyua pembeni, boila moja ambayo ndani yake inapita bomba la kupashia maji ya kahawa, pampu ni ile ndogo ya kutetema. Niliinunua kwa daktari mmoja mgeni alipokuwa anarudi kwao, wakati huo tunakaa Capri Point hapa Mwanza tunatumia maji ya bomba, miaka miwili mizima haikunisumbua. Sasa tumehamia Buswelu huku tunatumia kisima, huu mwezi wa nane, na matatizo yameanza moja moja. Kwanza mvuke ukapungua nguvu, maziwa yanachelewa kutoa povu. Halafu raba ya kichwani ikaanza kuvujisha, nakaza ule mkono wa kahawa (wa kuwekea unga) mpaka unapita katikati kwenda upande wa pili na bado maji yanachuruzika pembeni. Juzi ndo imegoma kabisa, nikinyanyua kiwiko pampu inalia kama imekabwa koo, geji ya presha inaruka fasta mpaka 12 (bar) halafu kwenye kikombe linadondoka tone, nangoja, tone lingine. Kahawa yenyewe inatoka nyeusi na chungu hainyweki.

Nimemwita fundi wa jirani akasema pampu imekufa, niagize nyingine Dar, na kwa sasa nimimine asidi ya betri kidogo kwenye tangi "ikwangue uchafu". Hiyo ya asidi nimekataa palepale maana anayekunywa kahawa hapa ni baba yangu, mzee wa miaka 78, Mhaya wa Muleba, kwake asubuhi bila kahawa haijakucha. Namchanganyia robusta ya Kagera na arabika ya Tarime na ameizoea hivyo. Naombeni mnisaidie, ninunue pampu au kuna kitu kingine cha kuangalia kwanza?

FundiBoila_Igoma
Mwangaluka dada. Natengeneza mafriji na mashine za kahawa za mahoteli huku Igoma, naomba hela ya pampu uiweke kwanza. Pampu iliyokufa haipandishi geji. Kama geji inaruka mpaka 12 maana yake pampu inasukuma vizuri tu ila mbele kumeziba. Espreso ya kawaida inatoka kwenye 9, hiyo 12 ni pale valvu ya kupunguza presha inapofunguka na kuyarudisha maji kwenye tangi. Hakikisha mwenyewe, toa mkono wa kahawa, weka kikombe chini, nyanyua kiwiko uhesabu sekunde 10, mashine isiyo na tatizo inajaza kikombe kidogo cha espreso bila shida. Wakati pampu inalia chungulia kwenye tangi, kuna kipaipu chembamba kinachorudi mle, ukiona kinamwaga maji kwa nguvu basi ujue maji yamekosa njia ya kupita kichwani.

Na pa kuziba pa kwanza kwenye E61 ni juu ya kichwa, ile nati kubwa yenye umbo la uyoga. Ndani yake kuna kijeti, tundu lake halifiki hata milimita 1, ni kama jeti ya kabureta ya pikipiki, punje moja ya chokaa ikikaa pale umeisha. Kabla hujashika spana chomoa waya ukutani, siyo kuzima swichi tu, fungua bomba la mvuke mpaka uishe, nyanyua kiwiko, halafu iache ipoe masaa matatu manne. Boila ikiwa kazini maji ya ndani yanafika nyuzi 120 hivi, nimeona mtu ameungua mkono mpaka kwenye kiwiko kwa haraka ya dakika tano. Zungushia kitambaa kwenye nati usikwaruze kromu, fungua taratibu, chini yake kuna washa ya shaba usiipoteze. Kijeti usikichokonoe na sindano wala waya, ukilipanua tundu umeharibu mtiririko wa maji. Loweka kwenye asidi ya citriki, ule unga wanaotumia watengeneza juisi, gramu 30 kwa lita moja ya maji ya moto, nusu saa, halafu suuza sana.

Asidi ya betri hapana, hapana kabisa! Inakula shaba na shaba nyeupe, na kitakachobaki mle ndani anakinywa mzee. Na hata hiyo citriki usikimbilie kuipitisha mashine nzima saa hizi, ukoko ukiwa mnene unabanduka vipande vipande, vinasafiri vinakuja kuziba kijeti kilekile, unaweza kulia siku tatu. Anza kwa mkono, fungua, safisha, angalia ukoko una unene gani, ndipo uamue la boila.

Mvuke kupungua, anza na ncha ya bomba la mvuke, vile vitundu vinaziba kwa maziwa yaliyokauka. Ifungue uiloweke.

MwanaUkerewe
Dada achana na hicho kisima, kinga maji ya mvua tumia hayo tu. Hayana chokaa hata chembe, mi birika langu mwaka wa tatu ndani linang'aa kama jipya.

FundiBoila_Igoma
@MwanaUkerewe kwa birika uko sahihi kabisa kaka, ila kwa mashine kama yake maji ya mvua matupu yana hatari yake. Ndani ya boila kuna kijiti cha kupimia kina, kinajua maji yamefika kwa sababu maji yenye madini kidogo yanapitisha umeme. Mvua safi haina madini ya kutosha, kijiti hakioni kitu, pampu inaendelea kujaza mpaka boila inafurika na maji yanatokea kwenye bomba la mvuke. Nimeletewa moja hivyohivyo, mwenyewe alikuwa anatumia maji ya betri (yale safi yasiyo na madini, siyo asidi) akidhani anaitunza. Achanganye mvua na ya kisima kidogo, au ateke maji ya bomba yanayotoka ziwani. Maji ya Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi, ndo maana Capri Point haikumsumbua.

Kama hana namna zaidi ya kisima basi achemshe jioni, aache yatulie usiku kucha, asubuhi amimine ya juu taratibu ule weupe ubaki chini. Haiondoi yote ila inapunguza. Kama ni kisima cha chumvi hapo kuchemsha hakusaidii kitu, atafute maji mengine.

Kirumba_2
Samahani naingilia kati, mi umeme wa kwetu unapanda unashuka nikataka niichomeke yangu kwenye friji gadi, nikaambiwa itaungua. Ni kweli?

FundiBoila_Igoma
Angalia kibandiko nyuma ya mashine. Ikiandikwa wati 1400 gawanya kwa volti 230 unapata ampea 6 na kidogo. Gadi ya ampea 5 itayeyuka plagi, chukua ya 13.

MamaTulia_Buswelu
Jamani nimerudi. Fundi Mungu akubariki sana. Nimefanya ile ya sekunde 10, kikombe hakikufika hata robo, na kwenye tangi kile kipaipu kinamwaga maji kama mtu anakojoa, samahani kwa lugha ila ndivyo kilivyo. Nikaiacha ipoe tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mdogo wangu akafungua nati kwa spana na kanga yangu ya zamani. Ndani ya kofia kumekaa ukoko mweupe kama ganda la yai, na kipande kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi kimeziba tundu la kijeti kabisa, ukikiinua kwenye mwanga huoni upande wa pili. Nikaloweka, kikaanza kutoa vipovu vidogovidogo, baada ya nusu saa nikapuliza na mwanga ukapita! Tumerudisha, nimejaza maji ya bomba niliyotoa kwa shemeji Nyegezi, sasa kikombe kinajaa kabla sijamaliza kuhesabu 10. Baba kanywa viwili mfululizo hajaongea kitu, ila kikombe karudisha kitupu.

Imebaki raba. Nimejaribu kuitoa kwa bisibisi inameguka kama biskuti, imekauka nyeusi ngumu. Nyingine imeng'ang'ania mle ndani, naitoaje?

FundiBoila_Igoma
Safi sana dada, mpe pongezi na mdogo wako. Iliyobaki, penyeza skrubu mbili ndogo za mbao ndani ya raba yenyewe, moja kila upande, zikishika zivute na plaizi kwa pamoja. Pamoja nayo litatoka chujio la duara, nalo lioshe. Ule mfereji usiukwangue na bisibisi, tumia kijiti cha mbao na brashi ya meno mpaka mabaki meusi yaishe yote, yakibaki hata kidogo raba mpya itavujisha kama ya zamani. Vipuri vya E61 visikutishe, Faema walikitoa hicho kichwa Italia mwaka 1961 na makampuni mengi yanakitumia mpaka leo, kwa hiyo raba zinaingiliana. Cha kuangalia ni unene tu, kuna ya milimita 8 na ya 8.5. Kabla ya kufunga paka grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula kwenye kemu ya kiwiko (kile kipande kinachozunguka ndani ukinyanyua kiwiko), siyo grisi ya gari.

MamaTulia_Buswelu
Imetoka! Nimekipima kipande kikubwa kwa kalipa ya jirani anayechonga funguo, 8.5. Kama unayo dukani nakuja Igoma kesho saa nne na hicho kipande mkononi. Wabeja sana fundi.

FundiBoila_Igoma
Ninazo mbili. Njoo na lile chujio pia nilitazame.