MREJESHO: Nimempata mchongaji wa sanamu ya Livingstone

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliuliza namna ya kufuatilia maisha ya Amelia Robertson Hill, mwanamama wa Dunfermline, Uskoti, aliyetengeneza sanamu ya shaba ya David Livingstone iliyoko Princes Street Gardens, Edinburgh. Nilikuwa nimekwama kabisa.

Aliyesema "acha kutafuta Amelia, tafuta jina la mume" amenitoa gizani, ubarikiwe mkuu. Aliolewa mwaka 1862 na D. O. Hill, mpiga picha maarufu, na tangu hapo kwenye maonyesho anatajwa kama Mrs D. O. Hill. Kabla ya hapo ni Paton, dada wa mchoraji Joseph Noel Paton. Yaani mwanamke huyu alifichwa na kaka, kisha na mume! Kwa jina hilo la mume nikaifikia hata sanamu yake ya mshairi Robert Burns pale Dumfries, Uskoti, ya marumaru, iliyozinduliwa 1882.

Mdau wa Edinburgh naye asante kwa picha za makaburi ya Dean. Kichwa cha shaba juu ya kaburi la mume ni kazi ya mkono wake mwenyewe. Nilikitazama muda mrefu.

Ushauri wa vitabu vya anwani vya posta haukunisaidia: siku mbili nzima, nimeambulia jina la mume tu. Magazeti ya zamani nayo yanataka malipo, mfuko umegoma. Nikijaliwa mwisho wa mwezi nitalipia.