Hadithi ya mapenzi niliyoiandika kwa raha yangu: WhatsApp, Telegram, Wattpad au AO3?

MshonaManeno, Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina hadithi ya sehemu 41 niliyoiandika kwa ajili ya roho yangu. Mjane mshona nguo wa Pangani na fundi mashua. Hakuna tajiri, hakuna mke mwenza, hakuna anayewekewa sumu. Kuna sehemu nzima ambayo kandambili ya yule mama imekatika mkanda, jamaa anachuchumaa na kuufunga kwa uzi wa nyavu, mama anaangalia vidole vyake. Basi. Hivyo ndivyo ninavyopenda mapenzi yaandikwe.

Nilianza na grupu la WhatsApp, Sh 2,000 hadithi nzima. Wasomaji walinipenda, sisemi uongo. Lakini kufika sehemu ya 12 ikawa kila siku "mlete mtalaka wake", "mbona hata busu hakuna?" Nikalegea, sehemu ya 13 nikamwingiza mwanamke mwingine. Usiku nikaisoma, nikaona si hadithi yangu tena. Nikaifuta. Nataka pa kuiweka ambapo itabaki ilivyo, na wapenzi wa aina hii waifikie. Mlioko huko mnasemaje?

KakaRiwaya, Mbeya
Dada, WhatsApp usiitupe. Grupu siku hizi linabeba watu 1,024, zamani ilikuwa 256. Msomaji anatuma kwa M-Pesa, unamwingiza, mambo yamekwisha. Mtu wa Mbagala asiye na kadi ya benki utamlipisha wapi kwingine?

Kinachouma ni wizi. Naweka sehemu saa mbili usiku, saa tatu iko kwenye grupu la watu, jina langu limekatwa juu na chini. Sasa jina nalificha ndani ya hadithi yenyewe: duka analonunulia mhusika sukari linaitwa jina langu. Wakopiaji hawasomi, wanakata kichwa na mkia tu.

Kuhusu shinikizo, mimi siandiki huku natuma. Namaliza hadithi yote kwanza, ndipo natangaza. Wakipiga kelele, mwisho ulishaandikwa.

MwanaKilifi, Kenya
Mimi nilihamia chaneli ya Telegram na sijutii. WhatsApp anayeingia leo anaomba "nitumie kuanzia sehemu ya kwanza", unashinda ukituma hadi kidole kiume. Telegram anapanda juu mwenyewe na kusoma zote. Pia unaweza kuzuia watu wasisambaze wala kunakili, ingawa wa kuipiga skrini picha kwa simu nyingine humzuii.

Ila usiitegemee peke yake. Novemba 2023, wakati wa mitihani ya kidato cha nne (KCSE), Telegram ilisumbua sana huku Kenya. Wasomaji walidhani nimewatoroka.

BintiMuscat, Oman
Mimi si mwandishi, ni msomaji, naomba nanyi mnisikilize. Nasoma Wattpad, ile app ya hadithi, nikishatoka kazini usiku. Kule unaandika maoni pembeni ya aya yenyewe. Nikisoma mstari ulionitoa machozi, naona kuna mwenzangu naye aliishia hapohapo. Kwa mtu aliye mbali na kwao hilo ni jambo kubwa. Tabu yake ni kwamba hadithi za Kiswahili zimefukiwa chini ya za Kiingereza, mpaka mtu akutumie kiungo. Dada, hiyo ya kandambili ningeirudia mara mbili. Tafadhali usimlete mtalaka.

Nuru_ya_Taa, Dar
Kwa hadithi ya namna hii jibu langu ni AO3 (Archive of Our Own), maktaba ya hadithi ya mtandaoni. Ilifunguliwa 2009, inaendeshwa na shirika la Marekani lisilo la faida. Wengi wanadhani ni ya kuendeleza filamu na vitabu vya wengine tu, lakini hadithi uliyoibuni mwenyewe inapokelewa pia. Utamu uko kwenye vitambulisho vya hadithi (tags): unaandika mwanzoni kabisa "mapenzi ya polepole, wajane, hakuna usaliti". Anayetaka vita anapita, anayetaka kandambili anaingia. Msomaji anaweza kuipakua na kuisoma bila bando.

Ubaya sasa. Akaunti unasubiri mwaliko. Kuuza ni marufuku, hata namba ya kuchangiwa usiweke. Na wasomaji wa Kiswahili ni wachache mno; mwezi wa kwanza nilipata 9. Lakini mmoja wao aliniandikia barua ya aya sita kuhusu mhusika wangu wa pembeni, nami nikaona kumbe nilikuwa nikimwandikia yeye miaka yote.

MshonaManeno, Tanga
Ahsanteni, mmenisaidia sana. Hii naipeleka AO3 yote, na chaneli ya Telegram nifungue ya kuwapa watu kiungo tu. WhatsApp nitauza nyingine, nikishaimaliza kama alivyosema KakaRiwaya. BintiMuscat, mtalaka haji. Sehemu ya 13 nimeiandika upya leo asubuhi: wanasubiri kivuko cha Pangani, mvua kubwa, mwavuli wote jamaa ameuegemeza upande wa mama, bega lake mwenyewe limelowa hadi kiwiko, na mama anajifanya hajaona.