Je, kazi ngumu humkinga mvutaji sigara na ugonjwa wa moyo?

Mkazi wa Kirumba
Ndugu zangu, kaka yangu ana miaka 47, anapakua samaki pale mwaloni, kwenye soko la samaki hapa Mwanza, tangu alfajiri, ni mwembamba na hana kisukari. Hata hivyo, kwa miaka mingi amevuta pakiti nzima ya sigara kwa siku, na baba yetu alifariki ghafla kwa moyo kabla ya kufika miaka 55. Yeye hushikilia kwamba maradhi hayo ni ya wenye vitambi wanaoshinda ofisini. Sasa amepunguza hadi sigara tano na ameridhika. Je, yuko salama?

Muuguzi wa Ilemela
Poleni kwa kumpoteza baba. Kazi ya mwili huusaidia moyo kweli, lakini haifuti madhara ya tumbaku. Moshi hujeruhi ukuta wa ndani wa mishipa inayoulisha moyo, mafuta hujijenga hapo kwa miaka, na siku tabaka hilo likipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia, hata kwa mtu mwembamba. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanyika katika nchi 52, ulionyesha kuwa mambo tisa, sigara na mafuta mabaya ya damu yakiongoza, yanaeleza takribani asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo kwa wanaume. Kwa historia ya baba yenu, apimwe presha, sukari na lehemu (kolesteroli).

Mwalimu, Nyegezi
Kuhusu hizo tano: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulibaini kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Aache kabisa. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, nayo isiwe mboga ya kila siku, kwa kuwa chumvi hupandisha presha.

Mkazi wa Kirumba
Asanteni. Juzi alipopanda mlima kurudi nyumbani Mabatini kifua kilimbana, akapumzika, kikaachia. Anasema ni gesi.

Muuguzi wa Ilemela
Ndugu yangu, maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika yanatia shaka kubwa kwamba mishipa ya moyo imekuwa myembamba. Mpeleke hospitali leo, apimwe umeme wa moyo. Yakimpata akiwa amekaa, au yakiambatana na jasho jingi na kuhema, mkimbizeni idara ya dharura, ya hospitali ya Bugando au iliyo karibu zaidi, hata kama ni usiku wa manane.